Kabla Hujanunua Kifaa cha Kuipa Pikipiki Nguvu

Msomaji mpenzi, huenda una kijana aliyerudi likizoni kutoka chuo kikuu pale Kwa Vonza, Kitui, au ndugu anayebeba abiria mjini Wote. Kabla salamu hazijaisha, anakuomba pesa. Amekwisha kukata sailensa ya pikipiki, ametoa kichujio cha hewa, na sasa ameambiwa anunue "kompyuta" ya kuiongezea injini nguvu.

Usifungue mkoba bado. Muulize: je, pikipiki yako inatumia kabureta?

Boxer na TVS nyingi zinazobeba ndengu, maembe na mitungi ya maji huko Ukambani zina kabureta. Injini ya aina hiyo haina kompyuta ya kupimia petroli, basi kisanduku cha nyaya kitarekebisha nini? Kitakuwa pambo tu. Kifaa chake halisi ni jeti, kile kipande kidogo chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, pamoja na skrubu iliyo ubavuni mwa kabureta.

Ili petroli iungue sawasawa, kila kilo 1 huhitaji hewa kama kilo 14.7. Ukikata sailensa na kutoa kichujio, hewa huzidi, injini huchemka na pistoni yaweza kutoboka. Mwambie fundi afungue plagi aitazame. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo. Ikiwa na masizi meusi, petroli imezidi. Ikiwa ya kahawia, mambo ni sawa. Jeti nayo hubadilishwa hatua moja moja, na plagi hutazamwa tena kila mara.

Kumbuka pia kwamba hewa ya milima ya Mbooni ni nyepesi kuliko ya Kibwezi. Pikipiki irekebishiwe mahali inakoshinda ikifanya kazi.

Kichujio nacho kirudishwe leo hii. Vumbi la njia za Mutomo likiingia ndani ya injini husaga pistoni kama msasa, na hakuna kifaa cha kuliponya. Sailensa pia irudishwe, kwani Kenya ina kanuni za kuzuia kelele tangu 2009.

Kama pikipiki ni ya kisasa, isiyo na kabureta, hapo kisanduku chaweza kufaa. Lakini uliza mambo matatu. Je, kimetengenezewa aina hiyo hasa ya pikipiki? Je, kikikataa, injini yaweza kurudishwa ilivyokuwa? Na je, yuko fundi karibu mwenye mashine ya kupima moshi wakati wa kukirekebisha? Jibu likiwa "hapana" hata mara moja, kiache dukani.

Na kama shida ni kupanda mlima na mzigo, dawa rahisi ni gia ya mnyororo ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Mbio zitapungua kidogo, lakini pikipiki itavuta.

Mzazi mwenzangu, pikipiki hiyo ndiyo karo na unga wa nyumba, na pengine bado ina deni. Injini ikiungua, mkopo hauungui. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akija mtu kukutembezea kisanduku, mwonyeshe plagi kwanza.

Tukutane Jumapili ijayo.