KIJANA, UNAKWENDA UBALOZINI NA NDOA AU NA MAKARATASI?

 

Juzi baada ya Isha hapa Mabibo kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Ameoa dada yetu mwenye uraia wa Marekani. Ndoa halali: walii alikuwepo, mashahidi walikuwepo, mahari imetolewa. Sasa kaitwa kwenye mahojiano. Akaniambia, "Shekhe, kuna kishoka anataka laki nne anifundishe majibu. Nilipe?"

Nikamjibu: mwanangu, mwenye ndoa ya kweli hanunui majibu ya ndoa yake.

Tuondoe hofu kwanza. Aliyeko Tanzania huhojiwa katika Ubalozi wa Marekani, Msasani. Mwenza aliyeko Marekani si lazima awepo. Wanaoombea grini kadi wakiwa hukohuko Marekani ndio kwa kawaida huitwa wote wawili, na wakitiliwa shaka wanaweza kutenganishwa, kila mmoja aulizwe peke yake, kisha majibu yalinganishwe.

Unaapa kusema kweli. Halafu unaulizwa maisha yako: mlijuana vipi? Ndoa ilifungwa wapi, nani alihudhuria? Mwenzako anafanya kazi gani? Aliwahi kuolewa, ana watoto? Beba pasipoti, vyeti halisi vya kuzaliwa na ndoa, cheti cha polisi, majibu ya vipimo vya afya, karatasi za udhamini wa mwenzako. Beba na picha, tiketi za safari, mawasiliano yenu ya WhatsApp. Usichokumbuka, sema hukumbuki. Hiyo si dhambi. Dhambi ni kubuni.

Sasa niseme yanayotuangusha sisi Waislamu.

La kwanza ni uzembe wa vyeti. Tunaridhika na karatasi ya shekhe, tunasahau kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa isajiliwe. Fuatilia cheti RITA mapema. Na kama ulishaacha au kuachwa, talaka ya mdomo haitoshi mbele ya sheria hiyo. Panatakiwa hukumu ya mahakama.

La pili ni ndoa ya wakala au ya simu. Kwetu wakala ana nafasi yake. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja ilipofungwa, mpaka wawe wamekutana kama mume na mke baada ya hapo. Ilikuwa ya wakala? Sema ilikuwa ya wakala. Usidai bwana harusi alikuwa Mabibo siku ambayo pasipoti yake inaonyesha alikuwa Minneapolis.

La tatu ndilo linaloniuma. Mtu ana mke na watoto hapa, anapata wa Marekani. Anajua kule mke wa pili hatambuliki, basi anamwambia mama watoto, "Nakuacha kwa ajili ya karatasi tu, usiwe na wasiwasi." Ndugu yangu! Nikahi na talaka hazina utani, hili Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha. Ukiitamka talaka, imepita. Usiku ukirudi chumbani baada ya eda kumalizika, unaingia kwa nani?

Na wewe unayelipa mtu "akuoe" kwa ajili ya visa, aqdi yenye nguzo zake ina haki zake: mahari, nafaka, eda. Binti aliyejiona kasaini fomu tu, kumbe ni mke wa mtu. Akija mchumba wa kweli, atamjibu nini?

Hata kwa sheria yao, ndoa ya hila ni kosa la jinai: kifungo hadi miaka 5, faini hadi dola 250,000. Na aliyethibitika hivyo, hata akija kuoa kwa dhati baadaye, ombi la mke huyo wa kweli hukataliwa. Wala kupata visa si mwisho wa kuulizwa. Ukiingia Marekani ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, unapewa kadi ya miaka 2 yenye masharti, kisha mnathibitisha tena kuwa ndoa ni ya kweli. Utakariri majibu ya kishoka mpaka lini?

Hadithi ya nia tunaianza nayo madrasa, na inamtaja hata mtu aliyehama kwa ajili ya mwanamke wa kumuoa. Kuhama kwa ajili ya ndoa si aibu. Aibu ni kuifanya ndoa ngazi, ukishapanda unaipiga teke.

Kijana wangu hakulipa laki nne. Nimemwambia aitumie nauli akachukue cheti chake, na inayobaki ampelekee mama yake. Muombeeni dua. Visa ikitoka, alhamdulillah. Isipotoka, bado ana mke, na riziki haiko Marekani peke yake.

Masharti ya visa hubadilika, yahakikisheni kwa ubalozi wenyewe, si kwa vishoka. Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.