Chapati yetu si ya kuiga
Ndugu mwandishi, katika makala yako, kwenye biriani nakuunga mkono, ila pale uliposema chapati zetu ni za kuiga tu kwa sababu Mhindi hapiki hivyo, hapo nakataa kabisa. Mimi ni mtu wa Narung'ombe, Ruangwa. Mama alikanda unga wa ngano kwa tui la nazi, akasukuma, akapaka mafuta, akaviringisha kama konokono, akafunika madonge yapumzike, ndipo akasukuma tena. Ukiichana inaachia tabaka moja moja. Tulikula na mbaazi za nazi, mbaazi za shamba letu wenyewe. Wagujarati mkate wao wa kila siku huuita rotli, mwembamba, hauna tabaka. Hii yetu ina undugu zaidi na paratha, na hilo tui ni la pwani. Hicho ni chakula kilichopata kwao, si nakala mbovu. Na wewe mchangiaji uliyeandika hapo juu kwamba sambusa halisi ni ya India tu, India nako ilifika kutoka upande wa Uajemi, na viazi na pilipili wanavyojazia asili yake ni Amerika. Tena mbaazi hizi za Ruangwa na Nachingwea mnunuzi wake mkubwa ni India hiyo hiyo; walipobana uagizaji mwaka 2017 bei ilianguka, wakulima tukaumia. Basi ndugu mwandishi, ukipita Nachingwea asubuhi, agiza chapati kwa mbaazi za nazi, ule taratibu, kisha urudi hapa uandike upya aya ile ya chapati.