Nani Ashike Ufunguo wa Mashine?

Mtumishi wa serikali ni mtu kama watu wengine. Aingiapo ofisini asubuhi huingia na kalamu yake, na njaa yake humfuata nyuma. Ifikapo saa nne faili husukumwa kando, kiti husogezwa, na miguu hutafuta njia iendayo kwenye chai. Jambo hili laonekana dogo, na wakubwa wengi hawalihesabu kuwa lastahili kuandikwa. Lakini jengo lenye watumishi elfu moja lina vikombe elfu moja kila asubuhi. Vikombe vina bei, na bei ina faida. Faida hiyo huchumwa chini ya paa lililojengwa kwa kodi ya watu wote, na kwa taa ziwakazo kwa kodi ya watu wote. Ni haki basi kuuliza: faida ya chai inywewayo katika nyumba ya umma ni mali ya nani?

Katika nchi nyingi limepatikana jawabu la haraka. Husimamishwa mashine ukutani, kubwa kama kabati, yenye kioo mbele na tundu la kutilia fedha ubavuni. Watu wa Nairobi, waliozoea kununua maziwa katika mashine waiitayo ATM, hawana haja ya kuelezwa sana. Mwenye kiu hutia sarafu au huonyesha kadi, hubonyeza tarakimu, na chupa huanguka chini kwa kishindo. Hakuna wa kusalimiwa, wala hakuna wa kushukuriwa. Wanaoisifu husema kwamba mashine haina upendeleo, haina kabila wala jamaa. Sifa hiyo ni ya uongo. Mashine haiuzi, yuko mtu auzaye kwa mashine. Mtu huyo ana ufunguo wa mlango wake, na siku ya hesabu huja akaufungua akazoa fedha. Anayeitazama mashine asimwone mwenye ufunguo ameona ngozi ya ngoma asimwone mpigaji.

Hali hii ni ya kale. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Kristo, Heron, fundi mwenye elimu wa Alexandria katika nchi ya Misri, aliandika habari za chombo cha kutolea maji matakatifu hekaluni. Mwabudu alitia sarafu. Sarafu ikaangukia kijisahani kilichokuwa mwisho wa wenzo. Wenzo ukainama, kizibo kikainuka, maji yakatoka. Sarafu ilipoteleza, wenzo ulirudi mahali pake na maji yakakoma. Ufundi huo wastahili kustaajabiwa hata leo. Lakini maji yalipokwisha kutoka, sarafu zilibaki ndani ya chombo, na chombo hakikuwa mali ya wenye kiu. Tangu siku za Heron hata sasa ufundi umezidi kuwa bora, na swali la sarafu limebaki lile lile.

Taifa moja lililojaribu kulijibu kwa sheria ni Marekani. Mwaka 1936, zama za mdororo mkuu wa uchumi, wenye macho mazima walikuwa wakipanga mistari kungoja mkate, na asiyeona alitazamiwa kukaa nyumbani akingoja sadaka. Mwaka huo Jennings Randolph, mbunge wa West Virginia, na Morris Sheppard, seneta wa Texas, walisimamia sheria ambayo hata leo huitwa kwa majina yao. Sheppard alikwisha kujulikana kwa kupigania marufuku ya pombe, marufuku iliyofutwa mwaka 1933. Lakini kazi yake iliyodumu ni hii ya vinywaji visivyolevya. Rais Franklin D. Roosevelt aliitia sahihi tarehe 20 Juni 1936. Kwa sheria hiyo watu wasioona walipewa leseni ya kuendesha vibanda ndani ya majengo ya serikali kuu, wakiuza magazeti, peremende, tumbaku na vitu vinginevyo.

Msomaji asidhani kwamba hiyo ilikuwa sadaka kwa jina jingine. Mwenye leseni hupewa na wakala wa jimbo lake vyombo vya kazi na bidhaa za kuanzia. Baada ya hapo hununua, huuza, hupata na hukosa kama mfanyabiashara yeyote. Maziwa yakimharibikia, hasara ni yake. Akiwa na lugha chungu kwa wateja, wateja humkimbia. Sadaka humwacha mpokeaji pale pale alipokuwa jana, na mkono wake hubaki umenyooshwa. Kibanda humsimamisha mtu nyuma ya meza, akapokea noti kwa haki na kurudisha chenji kwa hesabu. Baina ya mambo hayo mawili pana umbali mkubwa, na wanaoyachanganya hufanya hivyo kwa kutokufikiri au kwa kutokutaka kufikiri.

Kisha mashine zikaja, na hapo ndipo palipotokea jambo la aibu. Asiyeona alikuwa ameketi katika kibanda chake chini ya ngazi, na mashine ikasimamishwa hatua chache kutoka kwake, ikiuza vitu vile vile. Kila chupa iliyoanguka katika mashine ilikuwa chupa iliyobaki kibandani. Fedha za mashine nyingi zilikwenda katika mifuko ya vyama vya burudani vya watumishi wenyewe. Yaani watu waliokuwa na mshahara, likizo na pensheni walifanya tafrija zao kwa senti zilizomponyoka mtu asiye na mshahara, likizo wala pensheni. Hakuna aliyevunja sheria, na hakuna aliyeona kwamba ameiba. Dhuluma iliyo mbaya kuliko zote ni ile isiyomsumbua mtu usingizi.

Sheria ilikuwa imekwisha kurekebishwa mwaka 1954, wasioona wapewe upendeleo. Lakini neno upendeleo ni laini, na wasimamizi wa majengo walijua kulikunja. Mwaka 1974 Bunge lilirekebisha tena, na Jennings Randolph, ambaye sasa alikuwa seneta, alikuwa angali yumo bungeni kuikamilisha kazi aliyoianza miaka 38 nyuma. Safari hii fedha zenyewe ziligawanywa kwa hesabu. Mashine inayoshindana moja kwa moja na kibanda cha asiyeona, mapato yake yote, asilimia 100, ni haki ya wasioona. Isiyoshindana, asilimia 50. Na mahali ambapo nusu au zaidi ya saa za kazi ni nje ya saa za kawaida, asilimia 30. Pasipokuwa na kibanda, fedha huenda kwa wakala wa jimbo, naye aweza kuzitumia kwa pensheni, bima ya afya, na malipo ya siku za ugonjwa na za likizo za wenye leseni. Mambo yale yale waliyokuwa nayo watumishi waliokula faida ya mashine ndiyo yaliyokusudiwa sasa kwa yule aliyenyimwa. Mara chache sheria imenyoosha kosa kwa unyofu namna hii.

Wako wanaopinga, na haki yawataka wasikilizwe. Wa kwanza husema: mashine ni rahisi, haichoki, haiugui, huuza usiku na mchana. Ni kweli. Lakini hoja hiyo yaelekezwa kwa adui asiyekuwapo. Sheria ya 1974 haikuvunja mashine hata moja. Leo wafanyabiashara wengi wasioona huendesha mashine wenyewe, na sheria ya barabara ya 1982 iliporuhusu mashine katika vituo vya mapumziko vya barabara kuu, iliwapa wao kipaumbele. Chombo kile kile kilichokuwa kikimnyang'anya riziki kimekuwa jembe mkononi mwake. Kilichobadilika ni ufunguo kuhama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Wa pili husema: kumpa mtu nafasi kwa sababu haoni ni upendeleo, na upendeleo ni adui wa haki. Maneno haya yana sura nzuri, lakini hayana miguu. Ukumbi wa ofisi ya serikali si soko huru. Wateja wake wamefungwa na saa za kazi. Hawawezi kwenda mbali, wala mshindani hawezi kuingia bila ruhusa. Yeyote anayeruhusiwa kuuza humo amekwisha kupendelewa, awe kampuni kubwa, awe chama cha watumishi, awe shemeji wa msimamizi wa jengo. Upendeleo umo humo tangu mlango ulipopata bawabu. Basi lililobaki ni kuchagua nani apendelewe, na kuchagua hadharani kwa sheria ni bora kuliko kuchagua gizani kwa kunong'onezana. Na miongoni mwa raia wote, ni nani astahiliye mlango mmoja kumfungukia kuliko yule aliyefungiwa milango kumi?

Wa tatu husema kwamba hata Marekani sheria hiyo ina matundu. Hawa wamesema kweli, na kweli yao yapasa kutumiwa ipasavyo. Sheria ya 1974 iliyaacha nje mapato ya mashine zilizo katika maduka ya jeshi, na ya mikahawa ya idara ya askari wastaafu. Hata mashine zisizoshindana na kibanda, zikiwa na mapato yasiyozidi dola 3,000 kwa mwaka mahali pamoja, ziliachwa. Ni ajabu kwamba jeshi, ambalo limewatoa vipofu wengi kutoka vitani, limeachiwa maduka yake. Tena mwaka 2020 maradhi ya Korona yalipowarudisha watumishi majumbani, vibanda vilibaki katika majengo matupu, na Bunge likalazimika kutenga dola milioni 20 kuwasaidia wenyewe. Lakini tundu la nyumba ni sababu ya kuziba tundu. Hakuna mwenye akili abomoaye nyumba kwa kuwa inavuja.

Pana tundu jipya ambalo wapingaji hawalitaji. Mashine za zamani zilikuwa na vitufe, na kidole kiliweza kuvihesabu. Nyingi za sasa zina kioo kitupu, laini kama maji ya mtungi, kisichomwambia kidole kitu. Mnunuzi asiyeona husimama mbele yake kama mgeni aliyesimama mbele ya ukuta usio na mlango. Mashine iliyowekwa na dola, ikiwafaa raia wengine na kuwakataa wengine, imekuwa ofisa mbaya wa serikali. Ofisa wa namna hiyo angekuwa mtu, angeshtakiwa. Kwa kuwa ni chuma, huitwa maendeleo.

Habari hizi za ng'ambo zina faida gani kwa Afrika ya Mashariki? Zina faida kubwa, kwa kuwa huku swali halijafungwa bado. Nje ya malango ya ofisi nyingi za serikali bado yuko mama lishe na chupa yake ya chai, maandazi yake yamefunikwa kwa kitambaa, na daftari la madeni ya watumishi wanaongoja mwisho wa mwezi. Anawajua kwa majina; anajua nani hanywi sukari. Majengo mapya yajengwapo, vioo huongezwa, walinzi huongezwa, na yeye husogezwa mbali zaidi na lango. Siku mashine itakapoingia, haitauliza aliyekuwapo kabla yake alikwenda wapi.

Sheria hazikosekani. Tanzania, kwa sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010, ilimtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kenya tangu mwaka 2013 imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Maneno hayo ni mema. Lakini asilimia iliyoandikwa juu ya mamilioni ya zabuni haimfikii mtu anayeweza kuuza vikombe mia moja kwa siku. Yahitaji kuteremshwa mpaka kwenye ukumbi, mpaka kwenye meza, mpaka kwenye tundu la ufunguo. Zabuni hutaka makaratasi mengi, na makaratasi hayo kwa asiyeona ni ngazi juu ya ngazi. Akiba haiozi, lakini ahadi huoza ikiwekwa mno kabatini.

Mambo matatu yapasa kudaiwa, na kudaiwa sasa, kabla mashine hazijazoea kuta. Kwanza, pasiwekwe mashine wala mkahawa katika jengo la serikali kabla haijaandikwa wazi nani ashike ufunguo wake, na wasioona na wenzao wenye ulemavu wawe wa kwanza kuulizwa, pamoja na mama aliyekuwa akiwalisha watumishi hao tangu zamani. Pili, mgawanyo wa mapato uwekwe na sheria kwa tarakimu, kwa kuwa fadhila ya mkubwa huhama pamoja na mkubwa. Tatu, kila mashine iwe na maandishi ya nukta nundu na sauti inayosikika, ili mwenye ufunguo na mwenye kiu wote waweze kuitumia.

Watasema hili ni jambo la chai tu. Na liwe la chai. Dola isiyoweza kutenda haki katika kikombe cha chai, ambacho hakina siri ya vita wala hesabu ngumu ya hazina, itaaminiwaje kuitenda katika ardhi, madini na bandari? Mtumishi ateremkaye ngazi saa nne na aitazame mkono unaompa kikombe chake. Kama ni mkono wa chuma, na aulize ufunguo uko kwa nani, wala asirudi mezani kwake mpaka amejibiwa.