Anaimba vizuri, lakini anaimba nini?

Mzazi, kuna wimbo huenda umewahi kuucheza bila kujua unasema nini. Unaitwa Vamos a la playa, yaani twende ufukweni. Ulitoka mwaka 1983, umri wake umenizidi mbali. Waliouimba ni vijana wawili wa Italia waliojiita Righeira, nao waliimba kwa Kihispania. Mdundo ni wa disko, kiitikio kinanasa mara moja. Ulaya ukawa wimbo wa likizo, watu na kaptula zao.

Sasa sikia maneno yake. Bomu limelipuka. Mionzi inababua watu, upepo una sumu, na maji ya bahari yanang'aa kama taa. Ni wimbo wa bomu la nyuklia, na ulitoka wakati Waitaliano wengine walikuwa wakiandamana kupinga makombora ya Marekani huko Comiso, kisiwani Sicily. Watu wazima, tena wasomi, waliucheza wakicheka.

Kwa hiyo mtoto wa darasa la pili akiimba asichokielewa, tusishangae sana. Sikio lake linakamata sauti kwanza, maana inakuja baadaye. Na hapa Sombetini hana pa kukimbilia: sabufa ya jirani iko ukutani, kifodi cha asubuhi kinapiga muziki hadi mjini. Mwaka 2018 BASATA waliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond, Mwanza, kwa jinsi ulivyochezea jina la Nyegezi. Sawa, lakini BASATA hawakai sebuleni kwako.

Mama mmoja wa huku aliniambia binti yake aliimba mstari mchafu mbele ya babu yake. Akamnasa kibao. Binti akaacha kuimba nyumbani, anaimbia kwa jirani. Mimi kinachonitisha si ule mstari. Ni kwamba sasa binti anajua kuna maneno ambayo akiyatamka kwa mama anapigwa, na mengi kati ya hayo ni majina ya sehemu za mwili wake. Siku mtu mzima akimshika vibaya, atatumia maneno gani kusema?

Akiimba, subiri amalize. Muulize, "Mwanangu, hapo wanasema nini?" Mara nyingi atakwambia hajui, au atakupa maana yake mwenyewe ya kuchekesha. Mweleze kwa sentensi mbili, bila kukunja uso: neno hili linahusu mambo ya watu wazima, hatuliimbi mbele za watu, lakini ukitaka kuliuliza njoo kwangu. Mtoto wa miaka mitano hahitaji zaidi ya hapo. Wa miaka kumi atauliza zaidi, na ukimkwepa ataenda kwa mwenye simu. Sehemu za mwili zitaje kwa majina yake. Baba naye aulize, isiwe kazi ya mama peke yake.

Muulize pia amejifunzia wapi. Mara nyingi ni redioni au kwa wenzake shuleni. Lakini akitaja mtu mzima anayemwimbisha wakiwa wawili tu, au anayemwonyesha video na kumwambia asiseme, usimfokee mtoto na usimhoji mara kumi. Piga 116, namba ya simu kwa mtoto, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi siku hiyohiyo.