Nasaha za Nyumbani: Mbavu Laini, Ulimi Laini

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wiki hii nimepokea barua kutoka Mwingi, katika kaunti ya Kitui. Aliyeiandika ni binti wa Mombasa aliyeolewa huko, naye ameniomba nisimtaje jina. Kutwa hukaa dukani akiuza nguo, na jioni hurudi kupika. Ijumaa moja mumewe alimpa habari asubuhi kwamba ataleta wageni baada ya sala. Akanunua mbavu za ng'ombe, akaziinjika kwenye moto mkali ili ziwahi. Zilipopakuliwa hazikutafunika. Mumewe akaisukuma sahani mbele ya wageni, akasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Baada ya siku ile, binti huyu alichukua pesa zake za chama akanunua sufuria ya umeme ya kupikia polepole. Mavyaa wake alipoiona akasema hicho ni chombo cha wavivu, na kwamba chakula kisichosimamiwa na mpishi hakina baraka. Hadi leo sufuria imo ndani ya boksi lake, chini ya kitanda. Anauliza mambo mawili: Je, amefanya kosa kuinunua? Na mbavu hupikwaje hata zikalainika?

Nitaanza na la jikoni, kwa kuwa ndilo jepesi. Mimi si mpishi. Nimemuuliza mke wangu, ambaye hutumia sufuria kama hiyo tangu magoti yalipoanza kumsumbua na kuinama kwenye jiko la makaa kukawa taabu. Yafuatayo ni maneno yake. Mimi ni karani tu.

Kwanza tufahamu kwa nini mbavu huwa ngumu. Ng'ombe wengi wauzwao Mwingi, wakiwemo wale wapitao njia ya Garissa, ni ng'ombe wa kienyeji waliotembea sana kutafuta malisho na maji. Nyama ya mnyama kama huyo ina ladha nzuri, lakini imejaa kano na utando, hasa mbavuni, ambako misuli haipumziki maadamu mnyama anavuta pumzi. Moto mkali hauziyeyushi kano hizo upesi. Huikaza nyama, ikakamua maji yake, na mwisho ukatafuna kama raba. Lakini kano zikikaa kwa saa nyingi katika joto la chini lenye unyevu, hulegea na kugeuka ute. Ute huo ndio unaoufanya mchuzi kuwa mzito na nyama kuachana na mfupa. Kwa hiyo, binti yangu, siku ile ulichokosa ni muda, na muda haukupewa.

Sasa mapishi. Nunua kilo 2 za mbavu zenye nyama, umwambie mwenye bucha azikate vipande vya urefu wa kidole. Ukiwa katika mji ambao Waislamu ni wachache, usione haya kuuliza aliyechinja ni nani. Usiku wa Alhamisi zioshe, uzikaushe, kisha uzipake chumvi vijiko viwili vya chai, kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, pilipili manga, bizari nyembamba na giligilani ya unga. Zifunike uziweke kwenye friji. Usiku huohuo roweka ukwaju kiasi cha ngumi ndogo katika kikombe kimoja cha maji ya moto, uukamue na kuuchuja. Ukwaju hamna shida nao huko. Mikwaju inaota katika nchi kavu ya Ukambani, na Wakamba huuita mti huo kithumula.

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, weka kikaango motoni na mafuta kidogo. Kaanga mbavu kila upande mpaka ziwe rangi ya kahawia, chache chache, zisibanane. Hatua hii usiiruke, kwani sufuria ya umeme haina moto wa kukaanga, na rangi hiyo ndiyo ladha. Katika mafuta yaleyale kaanga vitunguu maji vitatu na nyanya tatu mpaka zirojeke. Chini ya sufuria ya umeme panga viazi na karoti, kwa sababu ndani ya chombo hiki mboga za mizizi huchelewa kuiva kuliko nyama. Juu yake weka mbavu, kisha vitunguu na nyanya, kijiti cha mdalasini, iliki chache na maji ya ukwaju. Maji mengine usiongeze. Kifuniko hurudisha mvuke wote, na wengi huharibu mapishi kwa kujaza maji kana kwamba wanapika supu. Sufuria isipungue nusu wala isipite thuluthi mbili.

Funika, uweke kwenye moto mdogo kwa muda wa saa 8. Ukianza saa 12 asubuhi, zitakuwa tayari saa 8 mchana, wanaume wakiwa wamekwisha kurudi msikitini. Kwa moto wa juu ni muda wa saa 4 hadi 5, lakini kwa mbavu moto mdogo ni bora. Na usifunue kila mara kuchungulia. Kila ukifunua joto hutoka, ukapoteza kama nusu saa. Mwisho enga mafuta yaliyoelea juu, mimina mchuzi kwenye sufuria ya kawaida, uuchemshe uwe mzito, kisha utie vijiko viwili vya asali. Nyinyi wa Mwingi mna asali ambayo watu huagizia kutoka mbali. Rudisha mchuzi juu ya mbavu, upakue kwa wali wa nazi, kwa chapati, au kwa muthokoi kama walavyo wenyeji wako.

Yapo mambo ya kutahadhari. Usitie nyama iliyoganda. Iyeyushe kwanza kwenye friji. Kitufe cha kuhifadhi joto si cha kupikia. Ukitaka kutia maharagwe mekundu, yaroweke na uyachemshe kwanza kwa moto mkali si chini ya dakika 10, kwa sababu yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi. Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, hamishia chakula jikoni mara moja. Ukirudi ukakuta ulikatika zamani na chakula kimepoa, usimlishe mtu. Weka chombo mbali na watoto, na waya wake usiwe umechubuka.

Jambo jingine: mapishi mengi ya mbavu yanayotoka nchi za nje ni ya nguruwe, au hutiwa mvinyo au bia. Msidanganyike na maneno kwamba ulevi hutoweka kwa kuchemka. Kilicho haramu hatukitii chunguni. Ukwaju na ndimu hutoa uchachu uohuo na zaidi.

Ama gharama, nyingi za sufuria hizi huandikwa nyuma kati ya wati 150 na 300. Ya wati 200 ikifanya kazi muda wa saa 8 hula takriban yuniti moja na nusu ya umeme. Linganisha na makaa ya kutwa. Watu wa Kitui wanajua habari za makaa kuliko sisi wa pwani. Mwaka 2018 kaunti yao ilipiga marufuku biashara hiyo kwa ajili ya miti iliyokuwa ikiteketea. Anayepunguza makaa anajipunguzia gharama na kuisitiri nchi yake.

Asiye na umeme asihuzunike. Mama zetu wamepika polepole kabla ya nyaya kufika. Chukua sufuria nzito yenye kifuniko cha kubana, chemsha, punguza moto ubaki makaa machache, na mengine uyapalie juu ya kifuniko. Au tumia kikapu kilichotandikwa blanketi. Chemsha mbavu nusu saa, zitie kikapuni zikiwa bado zinatokota, uzifunike barabara. Baada ya saa tatu zichemshe tena uzirudishe, na kabla ya kula lazima zitokote upya.

Hayo ndiyo ya jikoni. Sasa nakuja kwenye swali zito.

Binti yangu, hukufanya kosa. Pesa za chama ni mali yako, na mali ya mke ni yake. Akiitumia kwa halali hahitaji kuomba radhi. Nami namwambia mavyaa wako kwa heshima zote: mama, baraka haiko katika kuinama motoni. Baraka iko katika bismillahi, katika halali, na katika mkono unaogawa. Muda ambao sufuria hii inamwachia mkweo anaweza kuutumia kwa Qur'ani, kwa watoto, au kwa kupumzika tu, na kupumzika si dhambi. Nawe, binti, mkaribishe mavyaa wako aitie viungo kwa mkono wake. Huenda alichokiogopa si sufuria, bali kuonekana kwamba ujuzi wake hauhitajiki tena.

Kwa waume nina neno refu kidogo. Sisi wa pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i. Waulizeni wanavyuoni wenu: katika madhehebu haya kupika si wajibu uliofungwa shingoni mwa mke kwa ndoa. Ni ihsani yake, na ni desturi njema tuliyoizoea mpaka tukaiona deni. Mtu anapokufanyia ihsani hutazamwi kuisukuma sahani.

Imepokewa kwa Abu Hurayra kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwa akikitia ila chakula. Akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Na kwa kuwa tunazungumza habari za mbavu, tumkumbuke sahaba Mughira bin Shu'ba, aliyesimulia usiku aliokuwa mgeni wa Mtume. Uliagizwa ubavu wa nyama ukachomwa, na Mtume mwenyewe akashika kisu akawa anamkatia mgeni wake. Mwenye nyumba alikuwa mtumishi wa sahani. Hakuwa hakimu wake.

Iko pia hadithi ambayo wanaume wengi wanaihifadhi, ile isemayo kwamba mwanamke ameumbwa kwa ubavu. Huitaja wakicheka, wakakomea kwenye kupinda kwa ubavu. Lakini hadithi hiyo, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, inaanza kwa kuwausia wanaume wema kwa wanawake na inamalizika kwa wasia uleule. Na katikati inaonya kwamba anayetaka kuunyoosha ubavu kwa nguvu atauvunja. Tumekuwa tukisoma kipande cha kati na kuziacha ncha zote mbili.

Nayasema haya si kwa sababu mimi ni msafi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilileta wageni wa ghafla, mke wangu akapika mbavu, zikawa ngumu. Nikafanya mzaha juu yake mbele ya watu. Wageni walicheka, nami nikajiona mchangamfu. Yeye alikusanya vyombo bila kusema neno. Kwa miaka mingi hakupika tena mbavu nyumbani mwangu, wala sikuuliza sababu, nilidhani hazipendi. Mtoto wetu alipotuletea sufuria ya umeme, ndipo akazipika. Nilikula nikasifu. Akaniuliza, "Leo zimelainika?" Nikajua kwamba lile neno halikupata kutoka moyoni mwake siku hata moja. Nilimwomba radhi siku ile, mbele ya watoto, kwa kuwa kosa nalo lilifanywa mbele ya watu. Alinisamehe. Lakini ile miaka haikurudi.

Basi mume wa binti huyu, ikiwa jarida hili limekufikia, kazi yako ni nyepesi kuliko yangu, kwa sababu lako bado ni bichi. Vuta boksi lile chini ya kitanda, ulifungue kwa mkono wako. Alhamisi kanunue mbavu mapema, uzioshe wewe. Mtume wetu alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, kama alivyosimulia Bibi Aisha, na hadhi yake haikupungua. Kisha waalike wageni walewale. Sahani ikiwekwa, msifu mke wako mbele yao, hata ikiwa chumvi imezidi.

Na mchuzi ukiwa mwingi, kumbukeni wasia aliopewa Abu Dharr, kwamba apikapo mchuzi aongeze maji na awaangalie majirani. Mbavu kilo 2 zinatosha nyumba mbili. Bakuli la kwanza mpelekee mavyaa.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu upole, azibariki riziki zetu, na atusamehe maneno tuliyoyasema bila kupima. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.