Kucha za Mbwa wa Getini
NYUMA YA GETI, na Mzee Kitasa

Mwenye nyumba wa Mbezi au Karen hutaja bei ya geti lake, uzio wa umeme na kamera bila kusita. Akiulizwa kucha za mbwa wake zilikatwa lini, hucheka. Kwani mbwa si hujisaga mwenyewe?

Hujisaga, ndiyo, akiwa na pa kukimbilia. Mbwa anayezurura kutwa kwenye changarawe na mawe hahitaji kinyozi. Wa getini hushinda bandani na kufunguliwa usiku azunguke ua wa nyasi na vigae. Kucha zikirefuka hadi kugonga sakafu, kila hatua husukuma kidole juu, vidole vikatanuka, mbwa akabadili hata namna ya kusimama. Akiruka kwenye wavu, ukucha hunasa na kupasuka hadi kwenye nyama. Kisha watu wanashangaa mlinzi hafukuzi mwizi!

Ukucha wa kidole gumba, upande wa ndani wa mguu wa mbele, ni msumbufu zaidi. Kwa kawaida haugusi ardhi mbwa anapotembea, hivyo hausagiki vya kutosha. Ukisahauliwa hujikunja mpaka ncha itoboe nyama ya mbwa mwenyewe, na chini ya manyoya marefu hakuna anayeona hadi usaha utoe harufu.

Wanaoishi kwa miguu ya mbwa hawana mzaha na utunzaji wa nyayo. Kule Alaska, kanuni za mashindano ya sleji ya Iditarod zinamtaka kila dereva awe na viatu vinane kwa kila mbwa wake.

Kinachowakwamisha wengi ni hofu ya damu, na si hofu ya kijinga. Ndani ya ukucha mna nyama yenye mishipa ya damu na neva. Ikikatwa, mbwa hulia, damu huchuruzika, na siku nyingine akiona koleo la kucha anaingia chini ya gari. Kwenye ukucha mweupe nyama hiyo huonekana kwa wekundu wake. Kwenye mweusi haionekani, na mbwa wengi wa ulinzi wana kucha nyeusi. Mkataji mzoefu hupunguza kipande chembamba baada ya kingine, akitazama pale alipokata: mwanzo ni pakavu na pa kijivu, kisha doa jeusi huchomoza katikati. Hapo anaacha. Mkono ukiteleza, wanga wa mahindi ukikandamizwa kwa dakika chache husaidia kuzuia damu.

Ila nyama hiyo hurefuka pamoja na ukucha. Ukucha ulioachwa mwaka mzima haufupishwi kwa siku moja. Hupunguzwa kidogo kila wiki moja au mbili, na nyama hurudi nyuma taratibu. Desturi ya kuita vijana watatu wenye kamba mara moja kwa mwaka, mmoja akikalia shingo, ni ukatili usio na faida yoyote. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini hakuna askari atakayebisha hodi kukagua kucha.

Kwa Afrika Mashariki ipo sababu nyingine ya kuukagua wayo. Funza aliingia Angola kutoka ng'ambo ya Atlantiki mnamo 1872, akalivuka bara na kufika huku kabla karne ile haijaisha. Hachagui: huingia kwenye nyayo za mbwa na nguruwe kama anavyoingia kwenye vidole vya watoto. Familia inayowatoa watoto funza na kumwacha mbwa hivyohivyo inaacha mayai yaendelee kudondoka uani.

Nani aifanye kazi hii? Tajiri anayemwona mbwa wake kupitia kioo cha gari hafai. Anayefaa ni yule anayempikia ugali na dagaa, mara nyingi mlinzi au kijana wa bustani, maana mbwa humwachia mguu bila kupigana. Daktari wa mifugo anapokuja kwa chanjo ya kichaa cha mbwa amwonyeshe mtu huyo mara moja namna ya kukata; naye anunuliwe koleo lake na tupa ya kulainishia ncha, na malipo ya kazi hiyo yaongezwe kwenye mshahara wake. Akiletwa mbwa mdogo, ashikwe nyayo kila siku wakati wa kula, hata kama hakuna cha kukata.