Jezi yenye saini haifuliwi

Wamama wenzetu, juma hili tunaanza kwa kuungama. Sisi ndio tuliofua.

Kijana wetu wa miaka 13 ana jezi ya Leopards, ya sokoni, iliyonunuliwa siku za Kombe la Afrika. Mnakumbuka: tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wetu walifunika kinywa kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili wakavielekeza kichwani kama bunduki, ili ulimwengu uone yanayotupata huku mashariki. Tulifungwa 1-0. Kijana wetu aliivaa jezi kesho yake kana kwamba tumeshinda.

Baadaye mchezaji mmoja wa ekipi ya mjini alipita kwenye kiwanja wanachochezea vijana, akamwandikia jina lake mgongoni mwa ile jezi kwa biki. Sisi tuliona nguo chafu. Tukaichovya katika beseni, tukaisugua kwa sabuni, tukaianika juu ya mawe ya volkano pamoja na vitenge. Na maji yenyewe ya kubeba, bidoni kwa bidoni! Mtoto aliporudi, saini ilikuwa doa la bluu. Hakulia. Aliikunja, akaiweka chini ya godoro, na siku mbili hakusema nasi.

Tulitaka kumwambia kwamba nguo ni nguo. Baba yake akatukataza. Akatukumbusha habari za babu wa watoto, aliyekuwa na picha ya Leopards ya 1974, ameikata katika gazeti: ekipi iliyotwaa Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9, kisha ikaenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi. (Zile 9-0 za Yugoslavia mzee hakupenda kuulizwa.) Picha iliungua pamoja na nyumba yake ya mjini tarehe 17 Januari 2002, lava iliposhuka. Vitanda, masufuria, cherehani, vyote vilipatikana tena polepole. Ile picha mzee aliitaja mpaka anakufa.

Hapo tukanyamaza. Jezi za sokoni zinafanana zote, lakini jina lililoandikwa kwa mkono, mtoto akiwa amesimama pale pale akitazama, linafanya moja iwe yake.

Basi wenye watoto wa namna hiyo, ulizeni kabla ya kutia majini. Biki haidumu kwenye kitambaa; mtoto abebe kalamu nene ya wino usiofutika, na aombe saini mbali na makwapa. Jezi ikinuka, igeuzwe ndani nje, ianikwe kivulini penye upepo, kwa maana jua linapausha wino. Kisha ikae katika mfuko mkavu, mahali mkono unapofika haraka. Usiku ule wa Mei 2021 tulipokimbia Nyiragongo, kila mtu alibeba kile alichokigusa kwanza.

Kalamu tumeinunua sisi. Jumamosi kijana ameipeleka kiwanjani, jezi ndani ya mfuko. Mchezaji hakuja. Amesema atarudi Jumamosi ijayo, na kwamba jezi ataifua mwenyewe.